Kabichi Zilizosimamishwa kwa Vijiti

Juzi mjukuu wangu Shiru alikuwa ameketi kwenye kochi langu hapa Mwihoko, simu mkononi, akichagua masomo atakayosoma akiingia Gredi ya Kumi. Mimi nilikuwa namenya viazi. Akaniambia bila hata kuinua macho, "Shosho, Agriculture naweka. Hiyo ni easy, unajipanga tu."

Kisu kilinianguka. Sitii chumvi, kilianguka na kikakosa kidole cha mguu kidogo tu. Shiru alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akakimbilia maji jikoni. Sikuwa na kizunguzungu chochote. Ni lile neno lake, kujipanga, ambalo nilidhani nimeliacha nyuma ya lango la shule, na sasa limenifuata mpaka sebuleni kwangu.

Basi nawaandikia, wewe Shiru na wenzako wote mnaochagua masomo. Nimefundisha Kilimo maisha yangu yote ya kazi, Thika kwanza, kisha Ruiru, na nilidhani nimeshtuka vya kutosha. Kuna mwaka wanafunzi wangu walikuwa na miradi ya sungura. Siku ya kuwakagua, alipita mbele yangu sungura mmoja mnene mwenye sikio lililochanika. Nikampa mwenyewe alama nzuri. Baada ya chai akaja sungura mwingine, naye ana sikio lililochanika, lile lile la kushoto. Kabla ya kengele ya mchana akaletwa wa tatu. Nikamwambia aliyemshika, "Mwambie huyu sungura apumzike, amechoka kufanya mtihani." Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Enzi hizo nilikuwa bado na uwezo wa kucheka.

Kwa nyinyi ambao hamkusoma mfumo ule wa zamani, niwaeleze. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyechagua Kilimo hakuwa anaandika mtihani peke yake. Alipewa mradi. Anapewa kipande cha ardhi shuleni, anaandaa kitalu, anasia mbegu, anahamisha miche, anapalilia, anapambana na wadudu, mpaka mazao yanakuwa tayari. Mwalimu anampa alama hatua kwa hatua, na mkaguzi kutoka nje anaweza kuja kuona. Asiye na mradi, somo zima linaandikwa kwamba hakulifanya, hata kama aliandika karatasi nyingine kama profesa. Ndiyo maana nasema Kilimo si somo la kusoma usiku wa mwisho. Mmea haujui kwamba una mtihani kesho.

Kazi hii nilifundishwa na Mwalimu Gathogo, aliyekuwa mkuu wa idara nilipoajiriwa mara ya kwanza Thika. Mzee huyo alikuwa mkali wa kutisha na kofia yake haikuwahi kufuliwa. Mimi nilikuwa natoka chuoni na daftari zangu safi. Siku ya kwanza tulipokwenda kukagua mashamba ya wanafunzi, nilisimama mbele ya sukuma wiki fulani nikaanza kuandika: majani mapana, rangi nzuri. Akaninyang'anya kalamu. "Nyokabi, unapiga picha? Shika shina uvute."

Nikavuta. Mche ukatoka mkononi mwangu na mizizi ya urefu wa kucha. Mwanafunzi alikuwa ameuhamisha siku hiyo hiyo asubuhi. Tangu hapo sijawahi kukagua mmea bila kuushika shina. Unavuta polepole, kama unayemwita mtu kwa kumvuta mkono wa shati. Ulioshika utakukatalia. Usioshika utakufuata.

Sasa nije kwa lile neno. Nilikuwa nimeshastaafu, nafuga kuku wangu hapa nyuma ya nyumba na kubishana na jirani kuhusu maji, nilipopigiwa simu na mkuu wa shule moja huku Ruiru. Sitaitaja jina. Mwalimu wao wa Kilimo alikuwa amehamishwa ghafla, kidato cha nne kiko katikati ya miradi, na mkaguzi alikuwa anakuja. "Madam Nyokabi, tusaidie tu hizi wiki. Wewe ni wa nyumbani." Nikakubali. Kusema kweli nilifurahi, kuku hawana mazungumzo.

Niliripoti siku moja kabla ya mkaguzi. Shule ilikuwa imegeuka mahali pa ujenzi, kwa sababu walikuwa wanajenga madarasa na maabara ya hawa Gredi ya Kumi. Mchanga huku, mbao kule, mafundi wanapigiana kelele juu ya paa. Nikapita katikati ya hayo yote nikaenda nyuma, kwenye shamba la miradi, na nikasimama nikashika mdomo.

Kabichi! Safu kwa safu, kubwa, zimefunga vizuri, zinang'aa kwa umande. Udongo wa upande huu wetu mnaujua. Ni ule mweusi, jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unakuvua kiatu. Kupata kabichi za namna ile kwenye udongo ule, bila bomba la maji karibu, ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikajisemea, kumbe nilipostaafu mambo yalinyooka!

Halafu nikainama, nikashika kabichi ya kwanza, nikavuta.

Ilitoka kama kofia. Chini yake hapakuwa na mizizi, hapakuwa na shina. Kulikuwa na kijiti kilichochongwa, upande mmoja umeingizwa kwenye kabichi na upande mwingine umechomekwa ardhini. Ile sehemu ya chini ilikuwa imekatwa kwa kisu, safi kabisa, jinsi mama wa sokoni anavyokukatia.

Woi! Nilikaa chini. Nawaambia kweli, nilikaa pale pale kwenye udongo na sketi yangu nzuri, kabichi mapajani. Nikavuta ya pili. Kijiti. Ya tatu ilikuwa bado na ile kamba ya rangi ambayo wauzaji hufungia mizigo. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa kijana mmoja mrefu wa kidato cha nne, Brayo, mwenyewe wa kabichi nilizokuwa nazo, na wenzake wamejificha nyuma yake.

"Kijana, hii ni nini?"

"Madam, ni kabeji."

"Naona ni kabichi! Imepandwa lini?"

Akatazama viatu vyake. "Leo asubuhi, Madam. Tulikuja mapema."

"Na za kwenu zilienda wapi?"

"Zilikauka. Mafundi walikata paipu ya maji tukiwa holiday, na hawakurudisha. Tuliporudi kila kitu ilikuwa imekufa. Tukaambia Principal. Akasema kwa parade, mkaguzi anakuja, kila mtu ajipange." Kisha akasema kwa upole, kama anayenisaidia kuelewa, "So tukajipanga, Madam."

Mnasikia hiyo? Hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa mtoto aliyepewa kazi na mkubwa wake, akaifanya, akaamka alfajiri kuifanya. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi ya vijiti. Nilimwuliza nani alichonga, akasema ni yeye, anapenda kuchonga. Na vilikuwa vimechongwa vizuri, sitaki kusema uongo.

Nikaendelea na safu. Nilivuta kabichi zote, nikazipanga kando ya njia, mpaka pakawa kama soko la Jumamosi. Nilikuwa nimepandwa na hasira, natembea navuta, natembea navuta, nikafika kwenye kipande cha mwisho, karibu na lundo kubwa la kokoto za ujenzi. Hapo palikuwa na sukuma wiki. Si kubwa sana, majani machache kwa kila mche, lakini yamesimama. Nikashika shina kwa ile hasira yangu yote nikavuta.

Ilikataa.

Nikavuta tena. Ilikataa, na mgongo wangu ukalia. Nikavuta ya pili yake, nayo ikakataa. Jamani, nilikuwa tayari kuubusu ule mche. Nikauliza, "Hii ni ya nani?" Brayo akaonyesha msichana aliyekuwa amesimama mbali na wengine, mikono nyuma. "Ni ya Wairimu."

Ningeondoka hapo na furaha yangu. Lakini Gathogo alinifundisha pia kuangalia mizizi imeshika nini, kwa hiyo nikachimba kidogo kwa kidole kando ya shina. Udongo mweusi. Nikaingiza kidole zaidi. Udongo mwekundu.

Mwekundu kama matofali! Upande huu wetu hakuna udongo huo, hata ukichimba mpaka ukutane na maji. Mara ya pili asubuhi hiyo nilitaka kuketi chini.

Nilimwita Wairimu chini ya paa la maabara ambayo haijaisha. Anaishi na mama yake, ambaye anapanga maua kwenye shamba moja la maua upande wa Thika, na yeye mwenyewe anataka kusomea kilimo cha maua na mboga chuoni. Bila somo hili hiyo ndoto imekwisha, alinieleza hivyo kabla hata sijamwuliza, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Nimeona udongo mwekundu," nikamwambia. "Umetoka wapi?"

"Kwa shosho yangu, Madam. Juu ya Thika."

"Na shamba lako?"

Akanionyesha lile lundo la kokoto. Hata kabla maji hayajakatwa, lori lilikuja likamwaga pale, juu ya miche yake iliyokuwa imeshafika kiunoni. Alimlilia dereva, dereva akasema ameambiwa amwage hapo. Akaenda ofisini, mkuu wa shule akamwambia ajipange.

"Ukafanyaje?"

Na hapo, wajukuu zangu, nilipata mshtuko ambao haujanitoka mpaka leo. Wairimu alikwenda kwa nyanya yake wikendi. Akachagua miche michanga, akaiacha mikubwa. Akaimwagilia maji siku moja kabla ya kuing'oa, ili udongo ushikane. Akakata mikebe ya rangi, akaondoa kitako, akazungushia kila mche mkebe na kuusukuma chini, akachimbua mche na donge lake lote la udongo bila kugusa mzizi. Akapunguza majani ili mmea usipoteze maji. Akaileta kwa nduthi, hizi pikipiki za abiria, kwenye kreti za mkate. Akapanda jioni jua likiwa limepoa, akaifunika kwa nyasi, na kila asubuhi akawa anaondoa nyasi kidogo kidogo ili izoee jua. Maji alibeba kwenye jeri kutoka nyumbani kwao.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Sura nzima ya kupandikiza, ile ambayo nimeifundisha ubaoni miaka yote hiyo na watoto wakisinzia, huyu msichana alikuwa ameifanya bila kuruka hata hatua moja. Na alikuwa ameifanya ili kudanganya.

"Wairimu," nikasema, "aliyekufundisha haya ni nani?"

"Ni ya Form Two, Madam. Iko kwa syllabus."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilikwenda kwanza ofisini. Mkuu wa shule alinipokea kwa chai na tabasamu, akanipongeza kwa kugundua zile kabichi. Zile, alisema, tutamwambia mkaguzi ni wadudu walizimaliza. "Lakini zile za Wairimu, Madam, hizo ndizo tutamwonyesha kwanza. Hizo ziko sawa."

"Hizo si za hapa. Shamba lake liko chini ya kokoto zako."

Kikombe chake kilisimama katikati ya meza na mdomo. "Madam Nyokabi, wewe umestaafu. Usijitafutie presha. Huyo msichana ana mmea, mmea uko kwa udongo, mkaguzi ataona mmea. Sasa shida iko wapi?"

"Andika barua useme ukweli. Maji yalikatwa, kokoto zilimwagwa. Watoto hawana kosa."

"Niandike kwamba shule yangu imezika mtihani?" Akacheka. Sikucheka. Nikaiacha chai pale pale, na mimi si mtu wa kuacha chai.

Nikarudi kwa Wairimu nikamwambia waziwazi, "Kesho nikiulizwa nitasema nilichoona, sitaweza kufanya vingine. Lakini mimea ni yako, na mdomo ni wako. Ukisema wewe kwanza, itakuwa umekiri mwenyewe, hukufichuliwa."

"Madam, unataka nifeli?"

"Sitaki."

"Nikisema nitafeli?"

"Sijui, mama. Ningekuwa najua ningekwambia."

Alinitazama kwa macho ambayo sipendi kuyakumbuka. Kisha akageuka akaenda kumwagilia sukuma yake.

Mkaguzi alikuja asubuhi, bwana mmoja wa makamo, buti zake za shambani amezibeba kwenye gunia dogo. Alizivaa pale getini, nikampenda papo hapo. Mkuu wa shule akamwongoza moja kwa moja mpaka kwa Wairimu, akimpitisha mbali na zile safu tupu. Mkaguzi akainama, akashika shina, akavuta. Ikakataa. Uso wake ukafunguka.

"Hii sasa ni kazi," akasema. "Nani mwenyewe?"

"Ni huyu msichana wetu," mkuu wa shule akasema. "Tunajitahidi, mheshimiwa."

Wairimu alisogea. Nilikuwa nimesimama nyuma. Alimtazama mkuu wa shule, akanitazama mimi, kisha akapiga magoti, akaingiza mkono wote chini ya mche, akautoa na ngumi imejaa udongo mwekundu. Akaufungua mbele ya mkaguzi.

"Hizi si za hapa," akasema. "Nilizitoa kwa shosho. Zangu ziko chini ya hizo kokoto."

Fundi mmoja juu ya paa aliacha kugonga misumari. Mkaguzi alichukua udongo ule, akausugua kwa vidole, akamwuliza Wairimu alizihamisha vipi. Akaeleza yote, mikebe, majani, jioni, nyasi, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyonyooka. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazunguka lile lundo la kokoto polepole, akarudi, akamwuliza mkuu wa shule, "Chini ya hapa kuna mashamba ya watahiniwa wangapi?"

Mkuu wa shule akasema ni mambo ya ujenzi. Mkaguzi akauliza tena, kwa sauti ile ile.

Niwatoe wasiwasi mapema. Somo la Wairimu halikufutwa. Hatua za mwanzo, ambazo mwalimu aliyehamishwa alikuwa amezipa alama, ziliheshimiwa, na mkaguzi akaandika jinsi maji na mashamba yalivyopotea. Ile hatua ya sukuma za udongo mwekundu hakupata kitu, na alama yake ya mwisho ilikuwa ya katikati tu, si ile aliyostahili. Brayo na wenzake walipoteza hatua ile ile. Mimi nilishukuriwa siku hiyo hiyo na kuambiwa msaada wangu umetosha.

Lakini sijamaliza, kwa sababu kilichonishtua kuliko vyote kilikuwa bado. Mchana huo nilirudi nyuma kuchukua kofia yangu niliyoisahau. Nikasikia kelele za sepetu. Wairimu alikuwa juu ya lile lundo, sketi amekunja, anasukuma kokoto chini. Brayo naye alikuwa hapo, anazibeba kwa karai, na wale wengine wa kabichi nyuma yake kwa mstari. Walikuwa wameshafukua kona moja, na udongo mweusi umeanza kuonekana, umegandamana kama sakafu.

Nikapiga kelele, "Nyinyi watoto, mnafanya nini? Mkaguzi ameshaenda! Mradi umeisha, hakuna alama tena!"

Wairimu alijipangusa uso kwa kiganja, akaacha alama ya vumbi kwenye paji. Mfukoni mwa sweta yake nikaona pakiti ya mbegu.

"Tunajua, Madam," akasema. "Tunataka tu kuona kama ingeota."

Nilisimama pale, mimi niliyefundisha somo hili tangu kabla hawajazaliwa. Kisha nikavaa kofia yangu, nikavua viatu, nikamwomba Brayo lile karai.

Shiru, jaza Agriculture. Jeri ya kubebea maji iko nyuma ya banda la kuku.